Tendré, vendré, saldré: wakati ujao wa Kihispania ukisomwa kutoka Goma

Katika sarufi yote ya Kihispania, sijaona sehemu inayoogopwa bure kama vitenzi visivyofuata kanuni katika wakati ujao. Mwanafunzi anafungua kitabu, anakuta jedwali la vitenzi 12, kila kimoja na nafsi zake sita, anapiga hesabu na kupata maumbo 72, kisha anaamua kwamba hayo yatasubiri mwaka mwingine. Naona kwamba kosa liko kwenye jedwali lenyewe, wala si kwa mwanafunzi au kwa lugha. Vitenzi hivyo 12 vina utaratibu wao, utaratibu huo unaelezeka kwa mdomo na ulimi, na mtu aliyekulia katika Kiswahili na kusomea katika Kifaransa, kama tulivyo wengi wetu hapa Goma, ana karibu kila kitu anachohitaji ili auelewe.

Mimi najifunza Kihispania jioni, nyumbani Katindo, na ninajua kwamba kwa majirani wengi lugha hiyo inaonekana kuwa ya mbali sana. Si ya mbali kiasi hicho. Kwa miaka mingi kikosi cha Uruguay katika ujumbe wa Umoja wa Mataifa kilikuwa na kambi yake hapa mjini, na wako vijana waliozoea kusikia salamu za Kihispania barabarani tangu utotoni. Guinea ya Ikweta, ambayo iko pamoja nasi katika jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika ya Kati, ina Kihispania kama lugha rasmi. Sababu za kukisoma zipo, na kila mtu ana zake. Mimi nataka kuzungumzia jambo moja tu ndani yake.

Tuanze na kanuni, kwa kuwa bila kanuni hatuwezi kuona ni nini kinachokiukwa. Wakati ujao wa Kihispania hauanzi kwa kukata kitenzi. Unakichukua kitenzi kizima, jinsi kilivyo katika kamusi, na kukiongezea mwisho: hablar inakuwa hablaré, comer inakuwa comeré, vivir inakuwa viviré. Miisho ni sita, yaani -é, -ás, -á, -emos, -éis na -án, nayo inatumika kwa makundi yote matatu ya vitenzi. Jambo ambalo lingestahili kuandikwa katika mstari wa kwanza wa kila somo ni kwamba miisho hiyo haibadiliki kamwe, hata kwa vitenzi vinavyoitwa vikaidi. Katika vile 12 kinachobadilika ni shina peke yake. Ukishajua kwamba "nitakuwa na" ni tendré, basi tendrás, tendrá, tendremos, tendréis na tendrán unazo tayari, na hakuna haja ya kuzikariri. Kazi ya maumbo 72 imekuwa kazi ya maumbo 12.

Na hayo 12 yenyewe yanajipanga kwa ukoo. Ukoo wa kwanza ni wa vitenzi vinavyopoteza irabu iliyo kabla ya r ya mwisho: poder inatoa podré, saber inatoa sabré, haber inatoa habré, caber inatoa cabré, querer inatoa querré. Ukoo wa pili unapoteza irabu hiyo hiyo na kupokea d mahali pake: tener, poner, venir, salir na valer zinatoa tendré, pondré, vendré, saldré na valdré. Ukoo wa tatu una wawili tu, decir na hacer, ambavyo vimefupishwa zaidi kuliko vingine vyote: diré na haré. Basi, zimekwisha. Hakuna hata kitenzi kimoja cha kundi la -ar kilichomo. Estar, dar na andar, ambavyo vinatutesa sana katika wakati uliopita, hapa vinakaa kwa utulivu: estaré, daré, andaré. Hata ser na ir, ambavyo katika wakati uliopo havifanani na chochote, katika wakati ujao vinafuata kanuni bila tatizo: seré, iré. Ninalikazia jambo hili kwa sababu anayeanza hutegemea shida mahali ambapo haipo, na kwa kuwa anaitegemea, anaitengeneza mwenyewe.

Sasa, hiyo d inatoka wapi? Hapa ndipo mambo yanaponoga, na ndipo vitabu vingi vya shule vinaponyamaza. Katika wakati ujao nguvu yote ya sauti inaangukia mwisho wa neno. Irabu iliyo karibu kabla ya nguvu hiyo inadhoofika, na katika maneno yanayosemwa kila saa inamezwa kabisa. Tener pamoja na -é ingekuwa teneré. E ya katikati ikimezwa, inabaki tenré. Jaribu kulitamka kwa haraka mara kadhaa. Ulimi unapoiacha n na kuikimbilia r, katikati kuna sauti inayojitokeza yenyewe, na sauti hiyo ni d. Ndivyo inavyokuwa pia kati ya l na r katika salré na valré. Lakini katika podré, sabré na cabré hakuna kinachojitokeza, kwa sababu dr na br ni miunganiko ambayo ulimi wa Mhispania ulikwisha kuizoea. Na katika querré zile r mbili zilizokutana zimekuwa r moja ndefu ya kutetemesha. Ukilitazama hivyo, ukoo wa kwanza na wa pili ni kitu kimoja: irabu imeanguka, na d imekuja pale tu ilipohitajika.

Lugha yenyewe ilisitasita kabla ya kuichagua njia hiyo. Waandishi wa karne ya 15 na ya 16 waliandika terné, porné na verné, yaani badala ya kuingiza d walizibadilishia n na r nafasi, na maumbo hayo yaliishi muda mrefu kabla ya tendré kuyashinda. Katika Kihispania cha kale kulikuwa pia na vitenzi vingine vilivyomeza irabu, kwa mfano combré mahali pa comeré, ambavyo baadaye vilirudishwa kwenye kanuni. Vilivyobaki na alama ya zamani ni, kwa sehemu kubwa, vile ambavyo mtu hawezi kumaliza siku bila kuvitaja: kuwa na, kuweza, kutaka, kufanya, kusema, kuja. Kitenzi kinachosemwa sana hakipati nafasi ya kurekebishwa.

Miisho nayo ina asili yake. Iweke pamoja na wakati uliopo wa haber, ambao ni he, has, ha, hemos, habéis, han, na utaona kwamba -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án ni kitenzi hicho hicho kilichobanwa nyuma ya kitenzi kingine. Kilatini cha mitaani kilisema "kuimba ninako", cantare habeo, na hatimaye maneno hayo mawili yakashikana. Antonio de Nebrija, aliyetoa sarufi yake ya Kikastilia mwaka 1492, alikwisha kueleza kwamba umbo hilo limeundwa kwa kitenzi kikuu pamoja na haber, na katika maandishi ya kale mtu angeweza hata kuvitenganisha na kuweka kiwakilishi katikati: dar te lo he, nitakupa hicho. Mswahili hapaswi kushangaa. Kiambishi chetu -ta- kinatokana na kitenzi taka, na bado tunakiona kizima tunaposema "mtu atakayekuja". Kihispania kilichukua "kuwa na" na kukiweka nyuma. Sisi tulichukua "kutaka" na kukiweka mbele ya shina. Sisi pia tuna vitenzi vyetu vinavyodai kitu cha ziada: tunasema atapika na atalima, lakini atakula, atakuja, atakufa, kwa sababu vitenzi vya silabi moja vinaishikilia ku- ili neno lipate mahali pa kuegemeza sauti. Hakuna mtoto wa Goma aliyefundishwa hiyo ku- kwa jedwali. Aliisikia, na mdomo ukaikubali.

Kifaransa tulichosomea kinasaidia sana hapa, kwa kuwa kilipita njia ile ile. Viendrai na tiendrai vina d ile ile ya vendré na tendré. Vaudrai ni ndugu wa valdré. Saurai na pourrai vimepoteza irabu kama sabré na podré. Dirai na diré karibu vinasikika sawa, na ferai inatusogeza kwenye haré, hasa tukikumbuka kwamba zamani Wahispania waliandika faré. F hiyo bado imo ndani ya satisfacer, ambayo inatoa satisfaré. Hata hivyo kuna mahali ambapo Kifaransa kinatupotosha. Kwa sababu tumezoea verrai, tunataka kusema verré, kumbe ver inafuata kanuni: veré. Kwa sababu tumezoea voudrai, tunaisikia d ndani ya querer, mahali ambapo haimo. Devrai inatuvuta kuelekea debré, lakini umbo linalotumika ni deberé. Wale wa Lubumbashi waliowahi kujifunza Kireno kwa ajili ya Angola wana hali tofauti tena: Kireno kimebakiza vitatu tu, farei, direi na trarei, na huyo wa tatu hapaswi kuvuka mpaka, kwa kuwa traer ya Kihispania inasema traeré.

Ugumu wa kweli kwa Mswahili, nadhani, hauko katika shina. Uko katika mkazo. Sisi tunauweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu bila kukosa, hata hatujui kwamba tunauweka. Tunaposoma tendré, mdomo unataka kuipa nguvu silabi ya kwanza, na neno linakuwa jingine masikioni mwa Mhispania. Katika nafsi sita, ni tendremos peke yake inayofuata mazoea yetu, na ndiyo maana hiyo peke yake haina alama juu ya irabu. Tano nyingine zina alama, na alama hiyo si pambo. Kwa vitenzi vya kawaida inaweza kugeuza maana yote: llegará ni "atafika", llegara bila alama ni umbo la matakwa, kama katika "laiti angefika". Vile 12 vina nafuu hapo, kwa kuwa shina lao lililofupishwa haliwezi kuchanganywa na wakati mwingine, lakini mkazo unabaki pale pale. Tusome kwa sauti, na tuifikirie lafudhi ya Kifaransa, ambayo inaangusha nguvu mwishoni mwa neno; kwa jambo hili dogo ni mwalimu mzuri.

Nafsi nazo zina habari njema. Watu wa Uruguay kwa kawaida hawasemi tú (wewe) kama Wahispania wengi wa Ulaya, wanasema vos, na katika wakati uliopo hilo linabadilisha kitenzi: vos tenés, vos venís. Katika wakati ujao tofauti hiyo inatoweka, kwa kuwa vos tendrás na tú tendrás ni umbo moja. -éis utaihitaji ukizungumza na watu wa Hispania. Amerika yote inasema ustedes (ninyi) na kutumia -án.

Swali linalobaki ni jinsi ya kuvifanya vitenzi hivi viingie kinywani. Mimi sikaririshi orodha. Ninachagua shughuli moja ya hapa mjini na kuiandikia sentensi zake za kesho. Iliyonifaa kuliko zote ni chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Asubuhi, pale Birere, yanafika machukudu yaliyoteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi na kabichi, na mzigo unapaswa kugawanywa upya kabla ya kuingia sokoni. Mwenye chukudu anainamisha gurudumu la mbele, anasukuma gunia kwa goti ili aone kama litakaa, anavuta kamba ya mpira na kuipitisha chini ya ubao. Mama mwenye mzigo anauliza, "Mwanangu, magunia matatu yataenea?" Naye anajibu, "Mawili, mama. La tatu tutalirudia." Katika daftari langu mazungumzo hayo yamekuwa hivi: ¿Cabrán tres sacos? Cabrán dos, el tercero no cabrá. Pondré el grande delante. Saldremos antes de la lluvia. Vendré por el otro a mediodía. ¿Cuánto valdrán las papas el sábado? No querrán pagar más. Tendremos que esperar. Yaani: magunia matatu yataenea? Yataenea mawili, la tatu halitaenea. Nitaliweka kubwa mbele. Tutatoka kabla ya mvua. Nitakuja kuchukua lile jingine saa sita mchana. Viazi vitakuwa bei gani Jumamosi? Hawatataka kulipa zaidi. Itabidi tungoje. Katika kazi ya robo saa vimepita vitenzi saba kati ya vile 12, na kila kimoja kina mtu anayekisema na sababu ya kukisema. Caber, ambayo vitabu huitupa mwishoni mwa orodha kama kitu adimu, hapa ndiyo inayofungua mazungumzo. Mwenye duka la simu angepata vingine, muuza sambaza, wale samaki wadogo, vingine. Mji wetu hauna upungufu wa watu wanaopanga ya kesho.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii haina faida kwa sababu Wahispania wenyewe, na hasa watu wa Amerika, wanapozungumza hupendelea voy a tener, yaani "naenda kuwa na", kuliko tendré. Ni kweli kwamba wanaipendelea, na anayeanza anaweza kuishi nayo kwa muda. Lakini magazeti, matangazo ya hali ya hewa, mikataba na hotuba zinatumia umbo fupi, na habrá iko kila mahali: habrá lluvias, kutakuwa na mvua, esta noche no habrá luz, usiku huu hakutakuwa na umeme. Tuangalie kwamba habrá hiyo haigeuki kuwa wingi hata kama mvua ni nyingi.

Zaidi ya hayo, kuna matumizi ambayo voy a haiyafikii vizuri, nayo ni ya kukisia. Mtu akiulizwa rafiki yake yuko wapi na hana hakika, Mhispania anajibu estará en casa, ingawa anazungumzia sasa hivi wala si kesho. Vitabu vya Kifaransa huliwasilisha jambo hili kama jambo gumu, na wanafunzi wa Ulaya hulipokea kwa mashaka. Kwetu sisi ni lugha ya kila siku. Tunasema "atakuwa nyumbani" kwa maana hiyo hiyo. Tunasema "sasa hivi atakuwa amefika", na Mhispania anasema ya habrá llegado. Tunasema "itakuwa saa kumi", naye anasema serán las cuatro. Inabidi tu tukumbuke kuisogeza saa. Nashauri matumizi haya yafundishwe mapema kwa Waswahili, hata kabla ya mipango ya kesho, kwa sababu hayadai tufikiri upya.

Kinachodai tufikiri upya ni cuando, neno la "wakati ambapo". Sisi tunasema "nitakapopata pesa, nitasafiri", wakati ujao mara mbili. Kifaransa kinasema quand j'aurai, wakati ujao tena. Lugha zetu zote mbili zinatusukuma kuandika cuando tendré, na Kihispania kinakataa. Baada ya cuando, jambo lisilotimia bado linaingia katika umbo la subjuntivo: cuando tenga dinero, saldré de viaje. Wakati ujao unabaki upande mmoja wa sentensi, upande wa ahadi. Vivyo hivyo "atakayekuja" inakuwa el que venga. Hapa ningependa mwanafunzi akae siku nyingi zaidi kuliko kwenye shina za vile 12, kwa kuwa hakuna anayemsahihisha: msikilizaji anaelewa na kupita, na mazoea yanaota mizizi.

Ukishika vile 12, watoto wao wanakuja bila kuitwa. Mantener, obtener na detener wanamfuata tener. Proponer, suponer na componer wanamfuata poner. Convenir na intervenir wanamfuata venir. Deshacer na rehacer wanamfuata hacer. Wa decir tu ndio wanaohitaji tahadhari. Bendecir (kubariki) na maldecir (kulaani) wanasema bendeciré na maldeciré, kwa kanuni kamili, na anayesali kwa Kihispania atakutana navyo mapema. Predecir na contradecir wanakubali njia zote mbili.

Na kuna zawadi moja inayokuja pamoja. Shina hizo hizo 12, bila kubadilishwa hata herufi moja, ndizo zinazobeba umbo la masharti, lile la "ningekuwa na", "ningeweza": tendría, podría, haría, diría. Hapo querer inadai sikio makini, kwa sababu quería yenye r moja ni "nilikuwa nataka" na querría yenye r ya kutetemesha ni "ningependa", na wengi wetu tumekulia katika lugha za nyumbani zisizozitofautisha sauti hizo. Mimi nimeanza na podría, kwa kuwa ndiyo ninayoihitaji kila ninapozungumza na mtu anayesema haraka kuliko mimi: ¿Podría repetirlo, por favor?